Kesi kabla ya kesi: utafiti wa baraza la mahakama ni kitu gani?

Aprili 2024, kesi ya jinai ya Donald Trump ilipoanza New York, wengi wetu tulijikuta tukizungumzia "majaji 12" waliokuwa wakichaguliwa. Mjadala ukachanganyika hapo hapo. Majaji gani hao wanaoulizwa wanasoma gazeti gani na wanasikiliza vipindi gani vya redio? Mawakili wanaingiaje Facebook kupekua walichoandika miaka iliyopita, na jaji anatazama tu? Na kama kila upande una wataalamu wake wa kuunong'oneza nani anafaa, si kesi imeshauzwa kabla haijaanza?

Fundo hili tulifungulie kwenye jina. Kesi ile ilikuwa na jaji mmoja tu, Juan Merchan. Wale 12 hawakuwa majaji hata kidogo. Walikuwa wakazi wa Manhattan walioitwa kutoka kwenye shughuli zao, na wakishamaliza walirudi kwenye shughuli hizo hizo. Kiswahili hakijakubaliana na jina moja la kundi hili. Wengine husema juri, wengine wazee wa baraza, wengine jopo. Hapa nitaliita baraza, na kila mmoja wao nitamwita mjumbe.

Mgawanyo wa kazi ni huu. Jaji anasimamia sheria: ushahidi upi uingie, swali lipi likatazwe, adhabu iwe ipi. Baraza linaamua kilichotokea na nani anastahili kuaminiwa. Haki hiyo imeandikwa kwenye Katiba ya Marekani tangu 1791, Marekebisho ya 6 kwa kesi za jinai na ya 7 kwa kesi za madai. Katika jinai nzito za mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani, wajumbe ni 12 na lazima wakubaliane wote. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikasema sharti hilo la kukubaliana wote linayabana majimbo pia. Kwenye madai idadi inaweza kushuka hadi 6.

Sasa jiweke kwenye viatu vya wakili. Umeishi na kesi miaka mitatu. Umesoma kila karatasi, unajua kila tarehe. Halafu siku ya mwisho unaikabidhi kwa watu 12 ambao hawajawahi kulisikia jina la mteja wako. Wanaingia chumbani, mlango unafungwa, na wanatoka na neno moja au mawili. Sababu hawatoi. Kilichowakera, kilichowachanganya, shahidi waliyemcheka, vyote vimebaki nyuma ya ule mlango.

Kuna waliojaribu kuufungua. Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walirekodi kwa siri majadiliano ya mabaraza halisi huko Wichita, Kansas, kwa idhini ya majaji lakini bila wajumbe kujua. Habari ilipovuja mwaka uliofuata, zogo lilifika hadi Baraza la Seneti, na mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya kuharamisha kurekodi au kusikiliza mashauriano ya mabaraza ya shirikisho. Tangu hapo ikawa wazi kwamba anayetaka kujua baraza linavyofikiri hana budi kutafuta njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ndiyo utafiti wa baraza. Ni kazi ya kupima mapema jinsi watu wa kawaida, wanaofanana na wale watakaoketi mahakamani, watakavyoipokea kesi. Fundi cherehani mzuri hashoni nguo hadi mwisho ndipo amwite mteja. Humvalisha ikiwa bado ina pini na nyuzi za muda, aone bega linabana wapi. Utafiti wa baraza ni kuivalisha kesi namna hiyo, kungali na nafasi ya kuifumua.

Watu 840 kwa simu

Kazi hii ilipata jina kwenye kesi ya siasa. Majira ya baridi ya 1971 kuelekea 1972, padri Philip Berrigan na wenzake waliopinga vita vya Vietnam walikuwa wakikabiliwa na kesi Harrisburg, Pennsylvania, kwa kula njama ya kumteka Henry Kissinger, mshauri wa usalama wa Rais Nixon. Harrisburg ulikuwa mji wa kihafidhina, na utetezi uliamini serikali imeuchagua kwa makusudi.

Mwanasosholojia Jay Schulman na wenzake wakajitolea. Walipiga simu kwa watu 840 wa eneo lile, kisha wakakaa ana kwa ana na 252 kati yao kwa mahojiano marefu. Waliuliza kuhusu vita, serikali, dini na magazeti. Majibu yakawageuzia mawakili meza. Mawakili walidhani mtu msomi angewaonea huruma wapinga vita. Pale Harrisburg ikawa kinyume: wenye elimu zaidi walielekea kuwa wahafidhina zaidi, na dini ya mtu ilieleza msimamo wake kuliko walivyotarajia.

Baraza likagawanyika. Kwenye shtaka kuu la njama wajumbe 10 walitaka kuwaachia washtakiwa na 2 walikataa, kwa hiyo hakukuwa na uamuzi, na serikali haikuirudia kesi. Sifa zote wakapewa wanasosholojia. Mimi naona walipewa nyingi kupita kiasi. Ushahidi wa serikali uliegemea mno kwa mfungwa mmoja aliyekuwa akiipelekea FBI habari, na utetezi ulijiona salama kiasi cha kufunga kesi bila kuita shahidi hata mmoja. Kesi ya namna hiyo pengine ingeyumba mbele ya baraza lolote. Ila hadithi ya sayansi iliyoishinda serikali ilikuwa tamu, na biashara ikazaliwa. Kilichoanza na wanaharakati wasiolipwa, ndani ya miaka michache kikawa mikononi mwa makampuni makubwa yenye kesi za mamilioni.

Kinachofanyika hasa

Uchunguzi wa maoni wa aina ile ya Harrisburg bado upo, hasa mshtakiwa anapotaka kesi ihamishwe. Ukiweza kumwonyesha jaji kwamba karibu kila mtu mjini ameshaisikia kesi na ameshatoa hukumu moyoni, una hoja. Kesi ya Timothy McVeigh, aliyelipua jengo la serikali Oklahoma City mwaka 1995 na kuua watu 168, ilipelekwa Denver baada ya jaji kuridhika kwamba Oklahoma asingepata watu wasioelemea upande.

Lakini kiini cha kazi siku hizi ni baraza la majaribio. Wataalamu hutafuta watu 30 au 40 kutoka eneo lile lile ambalo mahakama itaita wajumbe wake, wenye mchanganyiko unaofanana wa umri, kazi na elimu. Anayemjua mmoja wa wahusika anaondolewa. Wanaobaki wanalipwa ujira wa siku na kusaini kwamba hawatasema walichosikia. Aliyewaajiri hawaambiwi ni nani, kwa sababu mtu akijua nani kamlipa huanza kumpendeza.

Kisha kesi inaigizwa. Wakili mmoja wa ofisi anasimama upande wa mteja, mwenzake anachukua upande wa adui. Hapa ndipo wengi hujidanganya: humpa mkubwa wa ofisi hoja za mteja na kumtwisha kijana mgeni hoja za mpinzani, halafu hushangilia ushindi. Washauri wenye uzoefu hugeuza kibao, wakili hodari kuliko wote ndiye anayevaa ngozi ya adui. Kila baada ya hatua wajumbe hujaza dodoso: sasa unaelekea wapi, nani umemwamini, nini hujaelewa? Mwisho wanagawanywa katika vikundi, wanafungiwa vyumbani kujadiliana, na mawakili wanatazama kupitia kamera au kioo cha upande mmoja. Huo ndio mlango uliofungwa, safari hii una tundu.

Chukua mfano wa kubuni. Mgonjwa amepewa dawa isiyofaa, anadai fidia hospitalini. Wakili wake ametumia miezi kujifunza kemia ya dawa ile na amekodi mabingwa wawili kuieleza. Vikundi vitatu vinaingia chumbani, na katika vyote swali la kwanza ni hili: "Kama alianza kuvimba Jumatatu, mbona alirudi hospitali Alhamisi?" Kemia hakuna aliyeigusa. Kumbe jibu lipo, aliyepokea simu hospitalini alimwambia asubiri, ila wakili aliliona dogo akaliweka mwisho wa siku ya tatu. Sasa anajua simu ile inatakiwa iwe kwenye sentensi zake za mwanzo.

Huko ndiko thamani ya utafiti ilipo, na ndiko kusikosemwa sana kwenye mazungumzo yetu. Wakili aliyeijua kesi kupita kiasi hawezi tena kuisikia kama mgeni, na mgeni ndiye atakayeiamua. Wanasaikolojia Nancy Pennington na Reid Hastie walionyesha miaka ya 1980 kwamba wajumbe hawaweki ushahidi kwenye mizani kipande kwa kipande. Wanasuka hadithi: nani alitaka nini, akafanya nini, kikatokea nini. Palipo na pengo wanaziba wenyewe kwa wanavyoyajua maisha. Katika jaribio moja walichukua kesi ile ile ya mauaji na ushahidi ule ule, wakabadili mpangilio tu. Upande wa mashtaka ulipopangwa kama hadithi na utetezi ukaachwa kwa mfuatano wa mashahidi, asilimia 78 walisema ana hatia. Walipogeuza, waliosema hivyo wakashuka hadi asilimia 31. Hakuna neno la ushahidi lililoongezwa wala kupunguzwa.

Ipo pia mbinu ya baraza kivuli, ghali na ya ajabu kidogo. Watu wanaofanana na wajumbe halisi wanaajiriwa kukaa mahakamani wakati kesi yenyewe ikiendelea, kwenye viti vya umma, na kila jioni wanaeleza wamepokeaje siku ile. Mfano wake maarufu ni kesi ya kampuni ya California Computer Products dhidi ya IBM, mwaka 1977, ambapo profesa wa masoko Donald Vinson aliwatumia watu wa namna hiyo kwa ajili ya IBM. Kichekesho ni kwamba baraza halisi halikuamua chochote. Jaji aliona madai hayana miguu, akaipa IBM ushindi mwenyewe.

"Wanachagua watu wao"

Nirudi kwenye shutuma inayosikika kuliko zote. Mahakama za Marekani hazimpi wakili nafasi ya kumchagua mjumbe. Zinampa nafasi ya kumkataa. Tofauti ni kubwa. Majina hutolewa kwa bahati nasibu kutoka orodha za umma, kama za wapiga kura na wenye leseni za udereva. Wanaoitwa wanahojiwa hadharani, na kila upande unaweza kuwapunguza kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kumkataa mtu kwa sababu: ni jamaa wa shahidi, au amekiri hawezi kutenda haki. Hii haina kikomo cha idadi, ila jaji lazima akubali. Siku ya kwanza ya kesi ya Trump waliingizwa watu 96, na zaidi ya nusu waliruhusiwa kuondoka baada ya kusema hawawezi kuwa waadilifu. Mwingine aliondolewa baadaye kwa ujumbe wake wa zamani mtandaoni uliotaka Trump afungwe.

Ya pili ni kumkataa mtu bila kueleza, na hii imehesabiwa. Katika kesi ile kila upande ulikuwa na nafasi 10. Katika jinai nzito za shirikisho utetezi unapata 10 na mashtaka 6, na kama adhabu inaweza kuwa kifo, 20 kila upande. Utafiti unaingia hapa. Una nafasi chache za kumtoa mtu, ungependa kujua ni misimamo ipi yenye hatari kwa kesi yako. Upande wa pili nao unawaondoa wale unaowapenda wewe. Anayebaki mara nyingi ni yule ambaye hakuna aliyemwogopa sana.

Na "bila kueleza" kuna mipaka. Mwaka 1986, katika kesi ya Batson, Mahakama ya Juu ilikataza mwendesha mashtaka kuwatoa watu kwa rangi yao, na baadaye katazo likawafikia mawakili wa utetezi na wa madai, kisha mwaka 1994 likagusa jinsia. Je, linafuatwa? Mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo ilifuta hukumu ya Curtis Flowers wa Mississippi, aliyeshtakiwa mara sita kwa tukio moja na mwendesha mashtaka yule yule, aliyekuwa akiwaondoa wajumbe weusi kesi baada ya kesi. Kuanzia 2022 Arizona imeifuta kabisa njia hii ya pili. Uingereza iliifuta kwa sheria ya 1988, na hiyo ni sababu mojawapo ya ushauri wa kuteua wajumbe kutopata mizizi kule.

Halafu kuna shutuma ya upelelezi. Kuchunguza ni tofauti na kugusa. Wakili anaruhusiwa kusoma ambacho mtu amekiweka wazi mtandaoni, na mwaka 2014 chama cha mawakili cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema hivyo. Hawezi kumtumia ombi la urafiki ili aone kilichofichwa, wala kumtuma mtu mwingine afanye hivyo. Kumpigia mjumbe simu, kumtumia zawadi, kumtisha, huko si utafiti tena, ni jinai. Hata kile kinachoruhusiwa kinaweza kubanwa: mwaka 2016, katika kesi ya Oracle dhidi ya Google, Jaji William Alsup alizitaka pande zote mbili ziache kuwapekua wajumbe mitandaoni, na zikakubali.

Utabiri wa kesi?

Mteja anayelipia baraza la majaribio karibu kila mara huuliza, nina asilimia ngapi za kushinda? Mshauri anayemjibu kwa tarakimu anamlaghai. Watu 36 ni wachache mno kwa hesabu hiyo, wamesikiliza siku moja badala ya wiki sita, hawakumwona shahidi halisi akitoka jasho, na wanajua hakuna atakayefungwa kwa neno lao. Kuonja kijiko kimoja kunakuambia kama chumvi imezidi. Hakukuambii wageni wangapi watamaliza sahani.

Umri, jinsia, kazi na rangi ya mtu, vikiwa peke yake, vinabashiri uamuzi wake vibaya. Kinachosaidia zaidi ni msimamo wake juu ya jambo lenyewe: anaiamini polisi kiasi gani, anaonaje watu wanaodai fidia. Na juu ya yote upo ushahidi. Harry Kalven na Hans Zeisel, katika uchunguzi wa kesi 3,576 za jinai uliochapishwa 1966, waliwauliza majaji wangeamuaje wao wenyewe. Katika zaidi ya robo tatu ya kesi, jaji na baraza walikubaliana. Nafasi ya mtaalamu kufanya tofauti iko zaidi kwenye zile zilizobaki, ambako mizani inaning'inia.

Kesi ya 1995 ya O. J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani aliyeshtakiwa kwa kumuua aliyekuwa mke wake na rafiki wa mke huyo, hutajwa kama ushahidi wa nguvu za wataalamu hao. Utetezi ulimtumia mshauri, Jo-Ellan Dimitrius, hadi mwisho. Upande wa mashtaka ulipewa msaada na Vinson yule yule wa IBM, na vikundi vya majaribio vikaonyesha kwamba wanawake weusi hawakumpenda mwendesha mashtaka Marcia Clark wala hawakuiona historia ya ugomvi wa ndoa kama alivyoiona yeye. Clark aliamini wanawake wangemwelewa, akaweka ushauri pembeni. Baraza la mwisho lilikuwa na wanawake weusi 8 kati ya 12, na lilimwachia Simpson baada ya kushauriana chini ya saa nne. Unaweza kusema utafiti ulionya na haukusikilizwa. Unaweza pia kukumbuka glavu ya ushahidi ambayo Simpson alipoijaribu haikumwingia mkononi, na askari mpelelezi aliyenaswa kwenye kanda akitoa maneno ya kibaguzi. Nani atatenganisha kipi kilifanya nini? Mlango ulifungwa.

Kuna kesi nyingine ninayoipenda zaidi kwa somo hili. Mwaka 1974 kampuni ya simu ya MCI iliishtaki AT&T kwa kuhodhi soko. Kwa jinsi ilivyoripotiwa baadaye, mawakili wa MCI waliijaribu kesi kwa mabaraza ya majaribio na kugundua jambo: wakitaja hasara ya dola milioni 100, wajumbe hutoa milioni 100. Wasipotaja tarakimu, wajumbe hupanda hadi milioni 900. Wakaenda mahakamani bila kuitaja. Mwaka 1980 baraza halisi likatoa milioni 600, na kwa kuwa sheria ya ushindani huzidisha fidia mara tatu, ikawa bilioni 1.8. Washauri wa kesi waliisimulia kwa miaka.

Ambacho hakisimuliwi sana ni kwamba mwaka 1983 mahakama ya rufaa iliamuru fidia ikokotolewe upya, na mwaka 1985 baraza jipya likatoa milioni 37.8, ambayo mara tatu ni kama milioni 113.

Wakili mwenye kesi ndogo hahitaji kioo cha upande mmoja. Wengi huwakusanya watu wanane wasiowajua kuzunguka meza, au hukodi kikundi mtandaoni, husoma pande zote mbili kwa haki, kisha huwauliza swali moja kabla ya kuuliza nani ashinde: mngependa kujua nini ambacho sijawaambia? Halafu hunyamaza na kuandika.